Banda la nguzo la mita 12 kwa 6: paa liling'oka wapi, na kwa nini

Kisa hiki kinahusu familia moja ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Walijenga banda la nguzo kwa mikono yao, wakisaidiwa na jirani anayejua useremala. Majina, kijiji na kila kinachoweza kuwatambulisha vimeondolewa. Vipimo vimebaki kama vilivyokuwa, kwa sababu somo lenyewe limo ndani ya vipimo hivyo.

Hali ilivyokuwa

Familia ilikuwa na ng'ombe 5 wa kukamuliwa. Nyasi za Rhodes walizokata baada ya mvua walikuwa wakizirundika nje na kuzifunika turubai, na kila mwaka sehemu kubwa ya rundo iliota ukungu kabla ya Septemba. Walihitaji paa moja la kazi mbili: nusu ya magharibi ihifadhi marobota (mafungu ya nyasi kavu zilizobanwa), nusu ya mashariki iwe kivuli cha ng'ombe na mahali pa kulishia.

Ukubwa ulitokana na hesabu ya chakula. Ng'ombe 5 wakila wastani wa kilo 7 za nyasi kavu kwa siku, kwa siku 150 za kiangazi, wanamaliza kilo 5,250. Robota la kasha la mkono la sentimita 85 kwa 55 kwa 45 lina uzito wa kilo 15 hadi 20. Marobota 350 yanatosha, na yanapangika bila kubanana katika eneo la mita 6 kwa 6 hadi kimo cha mita 2 na nusu. Ukiongeza mita 6 kwa 6 za ng'ombe unapata banda la mita 12 kwa 6.

Walichagua nguzo badala ya kuta za tofali kwa sababu mbili zilizo sahihi kabisa. Ya kwanza ni gharama: banda la nguzo halihitaji msingi wa kuzunguka jengo zima, kila nguzo ni msingi wake yenyewe. Ya pili ni malighafi. Ukanda huo umejaa mashamba ya milingoti na misindano, na viwanda vya kutibu nguzo kwa dawa viko karibu.

Kiwanja kilikuwa na mteremko wa kama asilimia 12 kuelekea kaskazini. Shika jambo hilo, litarudi.

Vifaa walivyonunua

Nguzo 10 za mlingoti zilizotibiwa kwa presha, za mita 4.2, zenye unene wa sentimita 14 hadi 16 kichwani na kama 18 kitakoni. Mbao za inchi 2×6 za boriti (zinazounganisha vichwa vya nguzo), mbao za 2×4 za kenchi (fremu za pembetatu zinazobeba paa) na za mshazari, vipande 48 vya 2×3 vya futi 12 kwa ajili ya papi (mbao zinazolala juu ya kenchi na kupigiliwa bati). Mabati 36 ya geji 28 yaliyokatwa kiwandani kwa mita 4.05, kila moja likifunika sentimita 76 baada ya kulaliana, na kofia 7 za mita 2 za kufunika kilele cha paa. Saruji mifuko 4, bolti za milimita 12, na misumari.

Idadi ya mabati ilipigwa hivi. Upana wa banda ni mita 6, na kila upande paa linatokeza sentimita 60, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 3.6 za ulalo. Paa linapanda mita 1.5 katika mita 3, hivyo urefu wa mteremko ni mita 4.02. Urefu wa paa ni mita 13 ukihesabu sentimita 50 zinazotokeza kila ncha, na 13 ukigawa kwa 0.76 unapata 17 na kidogo, yaani mabati 18 kila upande. Bati moja kutoka kofia hadi ukingo, lisilo na kiungo katikati, lilikuwa uamuzi mzuri. Linapunguza mahali pa kuvuja na linaokoa ile sentimita 15 hadi 20 ya kulaliana.

Mpangilio wa kazi

Kusawazisha. Kabla ya kitu chochote walichimba upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini hadi wakapata uwanja tambarare wa upana wa mita 8. Udongo ulimwagwa kwa toroli, ukakanyagwa kwa miguu, haukushindiliwa kwa matabaka. Mahali ambapo nguzo 5 za chini zingesimama, udongo huo wa kujaza ulikuwa na kina cha kama sentimita 36.

Kupima. Mambo (vigingi), uzi na kanuni ya 3-4-5 (pembetatu ya pande 3, 4 na 5 hutoa kona ya mraba) vilitumika kupata kona. Halafu walipima mishazari yote miwili ya mstatili. Kwa banda la 12 kwa 6 kila mshazari lazima uwe mita 13 na sentimita 41.6. Mara ya kwanza ilitofautiana kwa sentimita 9, wakasogeza mambo mawili ya upande mmoja hadi tofauti ikashuka chini ya sentimita 1. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa macho hayaoni sentimita 9 kwenye uwanja wa wazi. Huonekana siku ya kuezeka, pale bati la mwisho linapotokeza upande mmoja na kupungua upande wa pili.

Mashimo na nguzo. Mashimo yalikuwa na upana wa sentimita 45 na kina cha mita 1.2 kutoka juu ya uwanja uliosawazishwa. Chini waliweka sentimita 10 za kokoto ili maji yasituame chini ya kitako. Kila nguzo ilitobolewa mara mbili karibu na kitako, kwa njia panda, na kupitishwa vipande viwili vya nondo ya milimita 12 vyenye urefu wa sentimita 35, matundu yakiwa yamepakwa dawa kwanza. Nguzo ikasimamishwa juu ya kokoto, ikazungushiwa sentimita 40 za zege lililomeza nondo hizo, na sehemu iliyobaki ikajazwa udongo mwekundu wenye changarawe na kushindiliwa kila sentimita 15 kwa mtaimbo mzito. Zege kwa nguzo zote 10 halikuzidi nusu mita ya ujazo na kidogo, ndiyo maana mifuko 4 ilitosha.

Nguzo za mti hazinyooki kama bomba. Walichofanya ni kugeuza kila nguzo hadi kupinda kwake kuelekee kwenye mstari wa urefu wa banda, na kupanga sura za nje kwa uzi mmoja. Hivyo uso wa nje ulibaki umenyooka ingawa mioyo ya nguzo haikuwa kwenye mstari.

Boriti. Mpira wa maji ulitumika kuhamisha usawa mmoja hadi nguzo zote 10, kisha vichwa vikakatwa kwenye alama. Kila nguzo ilichongwa kidogo pande mbili, boriti mbili za 2×6 zikaibana katikati, na bolti mbili za milimita 12 zikapita zote tatu. Kila nguzo ikapata mbao mbili za mshazari za 2×4 kwenda kwenye boriti, na moja kwenda kwenye kenchi pale kenchi ilipokaa juu ya nguzo.

Kenchi. Zilikuwa 9, moja kila mita 1.5. Ziliundwa chini, juu ya kenchi ya kwanza iliyotumika kama kiolezo. Mbao ya chini iliungwa kutoka vipande viwili kwa vibao vya sentimita 60 pande zote, misumari ikipigwa hadi kutokeza na kukunjwa. Kenchi 5 zilizoangukia juu ya nguzo zilifungwa kwa bolti. Zile 4 zilizokaa katikati ya nguzo na nguzo zilipigwa misumari tu kwenye boriti.

Papi na bati. Papi za 2×3 zililazwa bapa, safu 6 kila upande, zikiachana kama sentimita 80. Kila mahali papi ilipovuka kenchi palipigwa misumari miwili ya inchi 4. Mbao zilikuwa zimetoka kwenye msumeno wiki hiyohiyo, bado nzito, zinatoa maji ukipiga msumari. Mabati yalipigwa misumari ya kusokotwa yenye mpira, mitatu kwa kila bati katika kila papi.

Kuziba. Mwishoni nusu ya magharibi, ile ya nyasi, iliezekwa mabati ya zamani pande tatu, magharibi, kaskazini na kusini, kutoka chini hadi juu kabisa. Upande wa mashariki ukaachwa wazi kuelekea kwenye ng'ombe.

Kazi ilikamilika mwishoni mwa Agosti.

Kilichotokea

Dhoruba ya mwanzo wa mvua ilikuja mwisho wa Novemba, alasiri, ikitokea mashariki. Ilidumu dakika chache. Ng'ombe walikuwa malishoni, na hakuna mtu aliyeumia. Kwenye ncha ya mashariki, mteremko wa kaskazini, mabati 5 yaliinuka yakiwa pamoja na vipande 6 vya papi vya mita 3.6 na kuangukia shambani. Sehemu nyingine ya paa ilibaki. Kenchi ya pili kutoka mwisho, moja ya zile 4 zisizo na bolti, ilikuwa imeinuka sentimita 2 juu ya boriti na kubaki hapo inaning'inia.

Ukaguzi wa mabaki ulieleza karibu kila kitu. Bati halikuchanika. Misumari ya bati yote ilikuwa bado imeshika papi, mipira yake iko mahali pake. Papi hazikuvunjika. Misumari ya inchi 4 ilikuwa imetoka kwenye kenchi ikiwa imenyooka, inang'aa, bila unyuzi hata mmoja wa mbao. Ukitazama tundu ilimotoka uliona duara safi, pana kidogo kuliko msumari wenyewe. Msumari uliotoka kwenye mbao iliyoushika vizuri huja umepinda au na nyuzi zilizochanika. Huu ulikuwa umesimama tu ndani ya tundu lake.

Nguzo, boriti, mbao za mshazari na kenchi zilizofungwa kwa bolti hazikusogea.

Hesabu ya upepo

Watu wengi hufikiria upepo kama kitu kinachosukuma jengo kutoka ubavuni. Kwa nyumba yenye kuta nene hiyo ni nusu ya habari. Kwa banda la wazi, adui mkubwa ni upepo unaoinua.

Chukua upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa. Mgandamizo wake ni kama kilo 56 kwa kila mita ya mraba. Unapopita juu ya paa unalifyonza, na unapoingia chini yake unalisukuma. Ukijumlisha vyote viwili kwa banda lililo wazi upande unaotazama upepo, nguvu ya kuinua hufika kama mara 1.2 ya mgandamizo huo, karibu kilo 67 kwa mita ya mraba. Paa hili, bati na mbao zote, lina uzito wa kama kilo 13 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo kila mita ya mraba inataka kuruka kwa nguvu ya kilo 54, na paa zima kwa karibu tani 5.

Sasa igawe nguvu hiyo kwa viungo. Papi inapovuka kenchi, kiungo kimoja kinashika eneo la mita 1.5 kwa 0.8, hivyo kinavutwa juu kwa kama kilo 65. Pembezoni, ambako paa linatokeza nje na upepo unajizungusha ukingoni, nguvu inaweza kufika maradufu, kilo 130 na zaidi. Mwisho wa kila kenchi unavutwa kwa kama kilo 290. Kila nguzo ya kati inavutwa kutoka ardhini kwa kama kilo 580.

Ni makadirio, hayachukui nafasi ya mhandisi. Lakini yanaonyesha wazi kwamba nguvu ileile inashuka hatua kwa hatua: bati kwenda papi, papi kwenda kenchi, kenchi kwenda boriti, boriti kwenda nguzo, nguzo kwenda ardhini. Jengo linaachia pale penye mshiko mdogo kuliko wote, hata kama kwingine kote kumefungwa kwa chuma.

Kwa nini paa liliachia palepale

Sababu kubwa ni misumari kwenye mbao mbichi. Msumari laini hushika kwa sababu nyuzi za mbao zinaubana. Mbao mbichi ya paini inapokauka husinyaa, nyuzi zinalegea, na msumari hubaki kwenye tundu lisiloubana tena. Nguvu ya kuung'oa hushuka sana, hata kama siku ulipopigwa ulionekana kuingia kwa shida. Kati ya Agosti na Novemba, miezi mikavu na yenye upepo, mbao zile zilikauka zikiwa juu ya paa. Fundi anayejaribu kiungo kwa kukitikisa siku ya kazi hawezi kulijua hilo.

Msumari wa inchi 4 una milimita 100. Milimita 50 zinapita kwenye papi na 50 tu zinaingia kwenye kenchi. Mbaya zaidi, unavutwa kwa mwelekeo uleule ulioingilia. Msumari ni hodari ukikatwa ubavuni, ni dhaifu ukivutwa. Ndiyo maana misumari ya bati ilishika vizuri kwenye mbao zilezile mbichi: ilikuwa ya kusokotwa, na katika eneo ambalo kiungo cha papi kilikuwa na misumari miwili, bati lilikuwa na kama 6.

Sababu ya pili ni kuziba pande tatu. Upepo wa mashariki uliingia kwenye nusu ya ng'ombe, ukakuta ukuta wa bati upande wa magharibi, ukakosa pa kutokea. Paa likageuka tanga. Banda lilelile likiwa wazi pande zote, au likiwa na nafasi ya sentimita 40 chini ya ukingo wa paa kwenye kuta hizo, lingepunguza msukumo wa ndani. Tena nafasi hiyo ingesaidia nyasi kupumua.

Ya tatu ni namna papi zilivyoungana. Vipande vya mita 3.6 vililaliana ubavu kwa ubavu juu ya kenchi, na upande wa mashariki kulaliana huko kulikuwa kwa sentimita 20 tu. Paa lilikatika hapohapo kwenye maungio, kama lilivyopangwa bila kukusudia. Kama maungio yangepishana, safu hii juu ya kenchi hii na safu inayofuata juu ya kenchi nyingine, kusingekuwa na mstari mmoja dhaifu wa kutoka ukingoni hadi kofia.

Jirani seremala alikuwa amejenga nyumba nyingi na hakuwahi kuona paa lake likiruka. Uzoefu huo ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa wa nyumba: kuta zinazuia upepo usiingie chini, dari ipo, kenchi zinafungwa kwa nondo au waya kutoka kwenye linta. Aliposema misumari miwili inatosha alisema kile alichokiona kikifanya kazi. Kilichobadilika ni jengo.

Marekebisho

Mabati 3 kati ya 5 yalinyooshwa na kurudishwa, 2 yalinunuliwa upya. Halafu viungo vyote 108 vya papi na kenchi vilifungwa kwa waya wa mabati wa milimita 3: unapita juu ya papi, chini ya mbao ya juu ya kenchi, mizunguko miwili, kisha unasokotwa kwa kipande cha nondo hadi ukaze. Waya ukikazwa kupita kiasi unakula mbao au unakatika. Ishara ya kutosha ni pale unapotoa mlio ukiugonga. Kila kiungo kilitumia kama mita 1, na waya wa milimita 3 una gramu 55 kwa mita. Jumla ni kilo 6. Uzi mmoja wa waya huo unabeba zaidi ya kilo 200 kabla ya kukatika, na kila kiungo sasa kina nyuzi nne. Kilo 6 za waya, zikifungwa mwezi Agosti kabla ya kuezeka, zingefanywa kwa nusu ya taabu.

Kenchi 4 za katikati zilipata kila mwisho bamba la chuma la milimita 30 kwa 3 lililokunjwa juu yake na kufungwa kwa bolti kwenye boriti. Maungio ya papi ya ncha ya mashariki yaliongezewa kibao cha sentimita 60 ubavuni. Mabati ya kuta za nyasi yalishushwa ili kuacha nafasi ya sentimita 40 chini ya paa. Mvua inayorushwa na upepo huingia kidogo, kwa hiyo marobota ya pembeni yanapangwa sentimita 50 kutoka ukutani.

Kwa anayejenga leo tungeongeza jambo moja ambalo wao hawakuwa na nafasi nalo: nunua mbao mapema, zipange chini ya kivuli kwa vijiti kati ya kila tabaka, ziweke jiwe juu zisipinde, uziache wiki 6 au zaidi. Pima kipande kimoja kwa mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao iko tayari.

Nguzo za upande wa chini

Tatizo la pili halikuwa na kishindo. Mwezi Februari, mvua zikiwa zimekolea, timazi ilionyesha kwamba nguzo mbili za upande wa kaskazini zimeegemea nje kwa sentimita 3.5 katika kimo cha mita 3.

Ule udongo wa kujaza ndio chanzo. Shimo lilikuwa la mita 1.2 kwa futikamba, lakini sentimita 36 za juu zilikuwa udongo uliolegea, kwa hiyo shimo lilikuwa na sentimita 84 tu katika ardhi asilia. Juu ya hayo paa halikuwa na gata. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu ya mteremko mmoja wa paa hili huteremsha kama lita 1,400 za maji, zote zikianguka kwenye mstari mmoja, sentimita 60 tu kutoka kwenye nguzo, na juu ya udongo uleule dhaifu.

Kilichopaswa kufanyika ni kuchimba mashimo kabla ya kusawazisha, na kuhesabu kina kutoka kwenye ardhi asilia. Banda la nguzo halihitaji uwanja tambarare ndipo lisimame. Nguzo za chini zinakuwa ndefu zaidi, za juu fupi, vichwa vinakatwa kwa usawa mmoja, na sakafu inasawazishwa baadaye paa likiwa limeshakaa. Hiyo ni faida kubwa ya ujenzi huu kwenye miteremko, na hapa iliachwa bila kutumiwa kwa sababu nguzo zote ziliagizwa za urefu mmoja kabla mteremko haujapimwa. Nguzo 5 za mita 4.8 zingetosha na kubaki.

Hawakujaribu kuzivuta nguzo zirudi, na tunaona walikuwa sahihi: kuivuta nguzo iliyokwisha kufungwa kwa boriti na kenchi ni kuhamishia mvutano kwenye viungo vya juu. Walichimba upande wa nje wa nguzo zote 5 hadi sentimita 60, wakajaza mawe na zege, wakaweka gata, na kupeleka maji kwenye tangi la kunyweshea ng'ombe. Ukingo wa uwanja ukajengewa mawe ili udongo usiendelee kuteleza.

Waliyoyafanya vizuri na ambayo huharibiwa na wengi

Nguzo zilikatwa vichwani tu, kamwe si kitakoni. Dawa ya presha huingia kwenye sehemu ya nje ya mti. Kiini cha mlingoti hakiinywi. Ukikata kitako kwa sababu nguzo ni ndefu, unafungua kiini kisicho na dawa na kukizika penye mchwa na unyevu. Vichwa vilivyokatwa vilipakwa dawa mara mbili na kuvalishwa vipande vya bati.

Zege halikufunika kitako. Wengi hutumbukiza nguzo ndani ya zege lililoziba chini, na hapo wamefinyanga kikombe: maji yanashuka kando ya nguzo, hayana njia ya kutoka, na nguzo inaoza ikiwa imezungukwa na zege zuri. Hapa nguzo inakanyaga kokoto, zege linaishika kiunoni tu, na zile nondo mbili ndizo zinazofanya zege, udongo ulio juu yake na nguzo viinuke pamoja au visiinuke kabisa. Zege lenyewe kwa kila nguzo halifiki kilo 130, dogo mno mbele ya kilo 580. Uzito wa udongo ulioshindiliwa juu yake, unaopanuka kuelekea juu, ndio uliozuia nguzo zisitoke.

Mabaki ya nguzo zilizotibiwa yalizikwa, hayakwenda jikoni. Dawa ya kijani inayotumika sana, ile yenye shaba, kromiamu na aseniki, haina harufu ya kukuonya. Ikichomwa, moshi na majivu vinabeba aseniki, na vumbi la msumeno likitandikwa zizini au kuchanganyika na chakula cha ng'ombe ni sumu. Mahali ambapo kila kipande cha mti ni kuni, hili linahitaji kusemwa kwa kila aliyeko kwenye eneo la kazi, watoto wakiwemo. Anayekata avae glavu na kitambaa puani. Kwa sababu hiyohiyo hori la kulishia lilijengwa kwa mbao zisizotibiwa, mbali na nguzo, ng'ombe wasije wakalamba.

Hali ya sasa

Banda limepita msimu mmoja mzima wa mvua baada ya marekebisho, pamoja na dhoruba mbili zilizovunja migomba jirani, na hakuna papi iliyosogea. Waya umelegea kwenye viungo 7, vyote kwenye safu ya juu karibu na kofia, mbao zikiwa zimeendelea kusinyaa. Umekazwa tena kwa mizunguko miwili ya nondo. Ukaguzi huo umepangwa kila Oktoba, kabla mvua hazijaanza.

Nguzo mbili za kaskazini zimewekewa mstari wa rangi kwenye boriti, mahali uzi wa timazi unapoangukia. Bado ni sentimita 3.5. Zikifika 5, mpango ni kuchimba nguzo mpya ya mita 4.8 kando ya kila moja, kuifunga kwa bolti kwenye boriti, kisha kuikata ya zamani.